Radi ya Zambia, Setilaiti Juu ya Misri: Uchambuzi wa Kisa cha 14 Desemba 2009

Tarehe 14 Desemba 2009, setilaiti ya Fermi ya shirika la anga la Marekani, NASA, ilikuwa ikikatiza juu ya Misri kwenye kimo cha kilomita 560 hivi. Kazi iliyopelekewa huko ni kutazama miali ya gama, yaani mwanga usioonekana wenye nishati kubwa kabisa, inayotoka mbali sana angani, kwenye nyota zinazolipuka na mashimo meusi. Siku hiyo vihisi vyake vilipigwa na wimbi la miali ya gama ambalo halikutoka kwenye nyota yoyote. Wimbi likapita, na milisekunde 23 baada ya pigo la kwanza likaja la pili. Yote yakaisha kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho. Dhoruba ya radi iliyoleta hayo ilikuwa Zambia, kilomita 4,500 hivi kusini mwa mahali ilipokuwa setilaiti.

Tukio hilo liliingizwa kwenye kumbukumbu kwa jina la TGF 091214: TGF ni kifupi cha Kiingereza cha mmweko wa gama wa duniani, na namba ni tarehe yenyewe kuanzia mwaka. Limesimuliwa mara nyingi kama habari ya ajabu: radi inatengeneza antimata, ile aina ya mata inayoangamia ikikutana na mata ya kawaida! Ajabu ipo, lakini mimi naona kisa hiki kina thamani kubwa zaidi kama somo la ushahidi. Nguvu yake yote imetokana na jambo ambalo kwa haraka ungelihesabu kuwa kasoro, yaani Fermi haikuwa na namna ya kuiona dhoruba ile. Kama ingekuwa juu ya Zambia, wangepata mmweko mmoja zaidi wa kuongeza kwenye orodha. Kwa kuwa ilikuwa Misri, maelezo yote ya kawaida yaliporomoka, likabaki moja tu.

Kilichojulikana kabla ya siku hiyo

Miali ya gama kutoka kwenye mawingu ya Dunia iligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Aprili 1991 NASA ilirusha darubini ya Compton, iliyobeba vihisi vinane vya BATSE, kimoja kila pembe, ili ikitokea milipuko ya gama angani vihisi viseme imetoka upande gani. Gerald Fishman na wenzake wa Huntsville, Alabama, wakaona kwamba baadhi ya milipuko ilikuwa inatokea upande wa chini. Dunia ilikuwa inameremeta! Matukio yalikuwa mafupi mno, ya milisekunde chache, na yaliendana na maeneo yenye mvua za radi. Taarifa yao ilitoka kwenye jarida la Science mwezi Mei 1994, ikiwa na matukio kama kumi na mbili.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa mwanga. Mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakiijaribu kamera ya kunasa mwanga hafifu, walirekodi bila kutarajia mimweko mikubwa iliyosimama juu kabisa ya mawingu ya radi, mahali ambapo marubani walikuwa wamedai kuona mambo kwa miaka mingi bila kusadikiwa. Mimweko hiyo myekundu hufika kilomita 80 na zaidi kutoka ardhini. Huko hewa ni nyembamba, na miali ya gama inaweza kupenya hadi kwenye obiti bila kumezwa. Kwa hiyo wengi waliona ni jambo la kawaida kuunganisha ugunduzi huo na wa BATSE, wakasema gama inatoka kwenye mimweko myekundu.

Haikuwa hivyo. Setilaiti ya RHESSI, iliyorushwa mwaka 2002 kwenda kuchunguza Jua, ilipima nishati za miali hiyo kwa makini zaidi. Miali ya gama ikipita kwenye hewa nene hubadilika: ile yenye nishati ndogo humezwa, mingine hupoteza sehemu ya nishati kwa kugongana na elektroni. Alama za safari hiyo zilionekana wazi kwenye data. Joseph Dwyer na David Smith walionyesha mwaka 2005 kwamba chanzo kilikuwa kwenye kimo cha kilomita 15 hadi 21, yaani kwenye vilele vya mawingu ya radi vya nchi za joto au juu yake kidogo. Mwanga uliovuta macho ulikuwa mwingine, na gama ilikuwa nyingine.

Elektroni inayokimbia

Ili kukielewa kisa cha Desemba ni lazima tuingie kwanza ndani ya wingu. Elektroni ikiwa kwenye hewa hugongana na molekuli kila mara na kupoteza nishati. Uga wa umeme wa wingu huisukuma, hewa huizuia, na kwa kawaida hewa ndiyo inayoshinda. Lakini kuna jambo geni: elektroni ikishapata kasi kubwa, hewa huizuia kwa nguvu ndogo kuliko ilipokuwa polepole. Ikishavuka hapo, kila mita inayosonga inaongeza nishati kuliko inavyopoteza, na hakuna wa kuisimamisha mpaka uga wenyewe uishe. Mskoti C. T. R. Wilson aliliandika wazo hilo katika miaka ya 1920, akisema mawingu ya radi yanapaswa kuwa mashine za kurusha chembe. Kwenye hewa ya usawa wa bahari uga unaohitajika ni karibu volti 280,000 kwa kila mita. Ni mkubwa, lakini ni kama sehemu ya kumi tu ya uga unaotakiwa ili cheche ya kawaida iruke, na kadiri hewa inavyokuwa nyembamba juu ndivyo unavyopungua.

Chembe za kuanzisha mbio hizo zipo daima, zinaletwa na mionzi ya anga. Elektroni moja inayokimbia huzing'oa nyingine kwenye atomi, baadhi nazo zinaanza kukimbia, na ndani ya muda mfupi linakuwa poromoko. Elektroni yenye kasi hiyo ikipita karibu na kiini cha atomi hupindishwa njia na kutoa mwali wa gama. Mmweko mmoja unahitaji elektroni nyingi kiasi cha tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 17 au zaidi. Bado kuna mvutano juu ya jambo moja: je, poromoko hilo huendeshwa na uga mpana wa wingu zima, au huanzia kwenye ncha ya radi yenyewe, ule mfereji wa umeme unaojichimbia njia ndani ya wingu kabla ya mkondo mkubwa kupita? Dwyer alipendekeza mwaka 2003 kwamba poromoko linaweza kujilisha lenyewe: miali ya gama huzaa positroni (elektroni za antimata), positroni hizo, zikiwa na chaji chanya, hukimbia kuelekea upande zilikotoka elektroni, na huko huanzisha maporomoko mapya. Kumbe positroni zilikuwa tayari kwenye nadharia miaka sita kabla ya Fermi kupita Misri. Kilichokosekana ni mtu wa kuzionyesha.

Siku yenyewe

Fermi ilirushwa Juni 2008. Ndani yake kuna kifaa kiitwacho GBM chenye vihisi 14. Vihisi 12 hupokea nishati ndogo, na viwili vizito zaidi hufika elektronivolti milioni 40 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe). Kila fotoni, yaani chembe moja ya mwanga au ya gama, inaandikiwa saa yake kwa usahihi wa mikrosekunde 2. Hadi kisa hiki kilipotangazwa, timu ya GBM ilikuwa imekusanya mimweko 130 ya gama ya duniani. Katika mingi, setilaiti ilikuwa juu ya dhoruba au karibu nayo, kama mtu angetarajia. Katika minne, dhoruba ilikuwa mbali. Mtandao wa vituo vinavyosikiliza mawimbi ya redio ya radi dunia nzima ulionyesha kwamba radi pekee zilizokuwa zikipiga wakati huo zilikuwa mamia ya kilomita au zaidi kutoka chini ya setilaiti. TGF 091214 ndiyo iliyokuwa mbali kupita kiasi.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo kesi inapoamuliwa. Chombo kilicho kwenye kimo cha kilomita 560 huona uso wa Dunia mpaka umbali wa kilomita 2,600 hivi kila upande, kisha mviringo wa Dunia unaziba. Tuihurumie dhoruba na kusema kilele chake kilikuwa kilomita 15 juu. Hilo linaongeza kama kilomita 440. Jumla ni karibu 3,000. Zambia ilikuwa kilomita 4,500. Fotoni ya gama husafiri kwa mstari ulionyooka, haina chaji, na hakuna sumaku ya kuipindisha. Kutoka kwenye wingu la Zambia hadi Fermi juu ya Misri ingelazimika kupenya mwamba. Kwa hiyo si gama iliyofika. Kilichofika ni kitu chenye uwezo wa kupinda.

Vitu vyenye uwezo huo ni chembe zenye chaji. Elektroni ikiwa angani, ambako hakuna hewa ya kuizuia, hushikwa na uga wa sumaku wa Dunia na kusafiri ikiuzunguka mstari wa uga kama mzabibu unavyozunguka kamba. Mistari hiyo hutoka upande mmoja wa ikweta ya sumaku, hupanda, huvuka, kisha hushuka upande wa pili. Katika Afrika ikweta ya sumaku haiko pamoja na ikweta ya ramani: imesogea kaskazini na kupita Ethiopia. Ndiyo maana Zambia na Misri, ambazo kwenye ramani hazionekani kuwa na uhusiano, kwa upande wa sumaku ni kama vituo viwili vya njia moja. Ukiufuata mstari uliopita kwenye Fermi dakika ile kuelekea kusini, unatua Zambia. Na Desemba ni msimu wa mvua Zambia.

Hadi hapo mtu mkaidi angeweza kusema ni bahati tu: mlipuko fulani wa angani umeangukia siku ambayo kulikuwa na radi Zambia. Pigo la pili ndilo linalomnyamazisha. Mstari wa uga unaposhuka kuelekea Dunia, sumaku huwa kali zaidi, na chembe zinazouzunguka hubana mzunguko wao mpaka mwendo wa kwenda mbele unafika sifuri. Hapo zinageuka na kurudi zilikotoka. Wanafizikia wanapaita mahali pa kioo. Chembe zilizotoka Zambia zilipita kwenye Fermi, zikaendelea kaskazini, nyingine zikamezwa na angahewa, zilizobaki zikagonga kioo na kurudi zikapita kwenye Fermi tena. Muda kati ya mapigo mawili ulikuwa milisekunde 23. Kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga, kilomita 300 kila milisekunde, hiyo ni safari ya kama kilomita 6,900, ukijumlisha kwenda, kurudi na mizunguko yote ya njiani. Mlipuko wa nyota haurudi baada ya kupita. Wala fotoni haina kioo cha namna hiyo angani.

Hata umbo la pigo linasema jambo hilohilo. Mmweko wa kawaida wa gama, ukitazamwa kutoka juu ya dhoruba, mara nyingi hauzidi milisekunde moja. Boriti ya elektroni, yaani mkondo mwembamba wa chembe hizo, hunyooshwa na safari, kwa sababu chembe zinazozunguka kwa upana zaidi hupita njia ndefu na kuchelewa, wakati zile zilizonyooka zinatangulia. Ikifika mbali inakuwa imetawanyika kwa milisekunde kadhaa au makumi.

Niseme kwamba wazo la boriti halikuzaliwa siku hiyo. Tarehe 17 Januari 2004 RHESSI ilinasa tukio refu la ajabu juu ya Jangwa la Sahara, mbali na mvua yoyote, likiwa na kilele cha pili kilichofanana na pigo la kurudi. Mwaka 2008 Dwyer na wenzake walirudi kwenye data za zamani za BATSE na kudai kwamba baadhi ya matukio yaliyohesabiwa kuwa gama kumbe yalikuwa boriti za elektroni. Hoja ilikuwa nzuri. Ilichokosa ni sahihi ya kitu ambacho elektroni peke yake haiwezi kutoa.

Mstari wa 511

Sahihi hiyo ni namba: elektronivolti 511,000. Ndiyo nishati iliyomo kwenye uzito wa elektroni moja ukiugeuza wote kuwa mwanga. Positroni ni elektroni kwa kila hali isipokuwa chaji yake ni chanya. Zikikutana, zote mbili hutoweka, na mahali pake hutoka fotoni mbili, kila moja na elektronivolti 511,000, zikielekea pande zinazokabiliana. Hakuna mchakato mwingine wa kawaida unaorundika fotoni hapo hasa.

Vihisi vya Fermi vilionyesha rundo hilo, linaloitwa mstari wa 511. Maana yake ni kwamba positroni ziligonga chombo chenyewe. Zilijikita kwenye metali na fuwele zake, zikakutana na elektroni za metali hiyo, zikaangamia pamoja. Kwa sehemu ndogo ya sekunde setilaiti iliyojengwa kupokea miali ya gama ikawa yenyewe ndiyo taa inayoitoa. Kuna jambo la kuangalia hapa kwa karibu. Fotoni za 511,000 huzaliwa pia kwenye hewa juu ya wingu, lakini ili zifike Fermi zingelazimika kusafiri kwa mstari mnyoofu, na mstari mnyoofu tumeshaona umezibwa na Dunia. Kwa hiyo mauti ya positroni hayakutokea Zambia. Yalitokea palepale juu ya Misri, ndani ya chombo. Kwa mara nyingine, kule kuwa mbali na dhoruba ndiko kulikofunga mlango wa maelezo mengine.

Michael Briggs wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Huntsville aliyatangaza matokeo tarehe 10 Januari 2011, kwenye mkutano wa chama cha wanaastronomia wa Marekani uliofanyika Seattle. Ni mji uleule wa Huntsville ulioendesha BATSE miaka ishirini nyuma yake.

Positroni zilitokaje kwenye wingu?

Swali hili hupitwa haraka kwenye habari za magazetini, na jibu lake si lile ambalo mtu angekisia. Ungedhani wingu lilitengeneza positroni na kuzirusha juu pamoja na elektroni. Haiwezekani. Uga unaosukuma elektroni kwenda juu husukuma positroni kwenda chini, kwa sababu chaji zao zinapingana. Positroni zilizozaliwa ndani ya wingu zilielekea ardhini, na ndizo zile ambazo nadharia ya Dwyer inazipa kazi ya kuchochea maporomoko mapya.

Zilizofika Fermi zilizaliwa baadaye, juu ya wingu, nje ya uga wake. Poromoko lilitoa miali ya gama iliyopanda. Mwali wenye nishati inayozidi elektronivolti 1,022,000, ambayo ni 511,000 mara mbili, ukipita karibu na kiini cha atomi unaweza kugeuka kuwa jozi ya elektroni na positroni. Jozi zikizaliwa chini, hewa inazimeza. Zikizaliwa kilomita 40 hivi au zaidi kutoka ardhini, hewa iliyobaki juu yao haitoshi kuzizuia, na sumaku inazichukua. Elektroni nyingine zinazosafiri nazo ni zile zilizogongwa na miali hiyohiyo kwenye hewa nyembamba. Boriti iliyovuka nusu ya Afrika haikuwa zile elektroni za kwanza kabisa za wingu, ilikuwa kizazi cha wajukuu.

Hii inaeleza pia kwa nini timu ya Fermi ilithubutu kusema kwamba mimweko yote ya gama hurusha boriti za elektroni na positroni, ilhali ilikuwa imeona matukio manne tu. Palipo na gama ya nishati hiyo na hewa, jozi lazima zizaliwe. Ugumu uko upande wa mtazamaji. Gama hutawanyika kwa upana, na setilaiti iliyo kilomita mia kadhaa pembeni inaweza kuinasa. Boriti imebanwa kwenye kifungu chembamba cha mistari ya sumaku, makumi ya kilomita tu kwa upana, na chombo lazima kipite ndani yake kwa milisekunde ileile. Kuona manne tu si uchache wa kushangaza.

Kuhusu woga uliozuka kila neno antimata lilipotajwa, sitapoteza muda. Positroni hizo zilitawanyika kwenye anga tupu, na zilizogonga Fermi hazikuacha dhara lolote. Setilaiti iliendelea na kazi yake.

Kuna jambo dogo la kihistoria ambalo napenda kulikumbusha. Positroni ya kwanza ilionekana mwaka 1932, Carl Anderson alipopiga picha ya njia yake ndani ya chumba cha ukungu. Chumba hicho kilibuniwa na Wilson, ambaye alivutiwa na mawingu aliyoyatazama kwenye mlima Ben Nevis huko Uskoti mwaka 1894, na kikampa tuzo ya Nobel mwaka 1927. Ni Wilson huyohuyo wa elektroni zinazokimbia. Mtu mmoja alitoa kifaa kilichoionyesha positroni na pia wazo lililoeleza kwa nini wingu la radi lingekuja kuitengeneza, na hakuna dalili kwamba aliwahi kuyaona mawili hayo yakikutana.

Kisichoonekana na Fermi

Kisa cha Desemba kina pengo moja kubwa: hakina mwanga. Fermi haina kamera ya kutazama radi. Inajua gama imefika saa ngapi, haijui radi iliwaka saa ngapi, na mawimbi ya redio hayasemi kila kitu. Bila mwanga huwezi kujua kama gama huja kabla ya mkondo mkubwa wa radi, pamoja nao, au baada yake. Na hilo ndilo linaloamua ule mvutano kati ya uga wa wingu na ncha ya radi.

Pengo hilo lilijazwa na kifaa cha ASIM, kilichopelekwa Aprili 2018 kwenye kituo cha kimataifa cha anga na kufungwa nje ya maabara ya Columbus, kilomita 400 juu ya ardhi. Kinaongozwa na Torsten Neubert wa Denmark, na vihisi vyake vya gama na eksirei vimesimamiwa na kundi la Nikolai Østgaard wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Kando ya vihisi hivyo kuna kamera na vipima mwanga vinavyosoma mara 100,000 kwa sekunde katika rangi tatu. Ya kwanza ni nanomita 777.4, mwanga wa oksijeni ndani ya mfereji wa radi uliopata moto. Ya pili ni 337, ya naitrojeni. Ya tatu, kati ya 180 na 230, ni ya urujuanimno, na imechaguliwa kwa werevu. Mwanga wa namna hiyo ukitoka kwenye wingu humezwa na oksijeni na ozoni kabla haujafika angani. Kwa hiyo ASIM ikiona urujuanimno huo, umetoka juu sana, na si kwenye radi yenyewe. Ni mantiki ileile ya Fermi: njia iliyozibwa inakuambia chanzo hakiko wapi.

Tarehe 10 Oktoba 2018, karibu na kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, kila kihisi kilipata kitu. Mmweko wa gama ulidumu mikrosekunde 30 hadi 40 tu. Ulitokea mwanzoni kabisa mwa mkondo mkali wa radi, na mkondo huo ulirusha wimbi la sumakuumeme lililogonga sehemu ya chini ya ayonosfia, lile tabaka la juu la angahewa lenye chembe za chaji, karibu kilomita 90 juu, na kuiwasha kwa pete ya mwanga inayopanuka kwa mamia ya kilomita. Urujuanimno uliofika ASIM ulikuwa wa pete hiyo. Timu ilihitimisha kwamba gama ilizalishwa kwenye uga unaoandamana na ncha ya radi, mkondo ulipokuwa ndio unaanza. Kulinganisha nyakati hapa kunahitaji uangalifu, kwani mwanga wa kawaida hutangatanga ndani ya wingu ukigonga matone na kuchelewa, huku gama haicheleweshwi namna hiyo. Bila kusahihisha hilo, gama itaonekana daima kutangulia zaidi ya ilivyotangulia.

Hapo ndipo mashahidi hawa wawili wanapokamilishana. Sulawesi inatuambia gama huanza lini, Zambia inatuambia huishia wapi. Na baadaye ilionekana kwamba si positroni zote za radi zinazaliwa kwa njia ile ya jozi: tarehe 6 Februari 2017, huko Kashiwazaki, Japani, vihisi vya ardhini vilipata mstari wa 511 ukiendelea kwa karibu dakika nzima baada ya radi kupiga. Gama ilikuwa imezing'oa nyutroni kwenye viini vya naitrojeni ya hewa, na naitrojeni iliyobaki, ambayo haina utulivu, ikawa inaoza taratibu na kutoa positroni. Zile za Fermi zilikuja na kupita kwa milisekunde. Za Japani zilikawia.

Fermi yenyewe bado iliendelea kuokota mimweko, na baada ya njia ya kutafuta kwenye data kuboreshwa ilifikia kama 800 kwa mwaka. Orodha yake iliyotolewa mwaka 2018 ina zaidi ya 4,000, na boriti za elektroni zimetengwa kwenye jedwali lao peke yao, chache mno ukilinganisha na gama. Kuziainisha kumefuata utaratibu uliopimwa kwenye TGF 091214: kutazama urefu wa pigo, kutafuta mwangwi wake, kuusaka mstari wa 511, kisha kuufuata mstari wa sumaku hadi ncha zote mbili na kuuliza ni upande gani kulikuwa na radi. Tukio lililonaswa juu ya jangwa kavu haliondolewi tena kwenye hesabu eti kwa sababu hapakuwa na wingu chini yake.